Mtoto wa Maharagi na Mshale wa Rubani

Mama yangu alishushwa kwenye helikopta akiwa na mtoto wa maharagi mgongoni, na mtoto huyo nilimzaa mimi. Nilimzaa asubuhi, kwa kamba mbili na kikwembe kimoja, nikicheka.

Masomoni, yaani shuleni, wanasema kinywa changu hakina mlango. Ni kweli. Prefe wetu, mkuu wa shule, aliniandikia barua tatu za kuita mzazi, na mara zote tatu mzazi aliyekuja alikuwa dada yangu mkubwa, amevaa miwani ya kuazima na kikwembe cha Mama, akitikisa kichwa kwa masikitiko kama mjane. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, mimi kumi na sita. Baba alikufa mwaka tuliokimbia vita, mdogo wetu wa mwisho akiwa bado tumboni. Tangu hapo nyumba yetu, kwenye kilima juu ya Kashuga, ilibebwa na watu wawili: Mama na dada. Kila asubuhi walishuka na bidoni mbili za maziwa, moja begani kwa Mama, moja begani kwa dada, mpaka kwa mtengenezaji wa fromaji, jibini ya kwetu. Mimi nilibeba kalamu.

Lakini kwanza lazima nieleze nilivyojua mambo ya helikopta, maana bila hilo utanihurumia bure. Utafikiri nilikuwa mtoto asiyejua. Nilijua.

Nilisoma miaka miwili Walikale, kwa mjomba anayeuza fromaji yetu kwa wachimbaji wa dhahabu wa Omate. Siku moja helikopta ya wagonjwa ilitua kwenye uwanja wa masomo yetu, taa moja ikawaka pale isipotakiwa kuwaka, na rubani akakataa kuruka. Wakamleta mekanisie, fundi wa mashine, kwa ndege ndogo. Mtu wa Kenya, mnene, mpole, mwenye Kiswahili kama cha redio. Alikaa siku tatu chini ya ile mashine, na sisi tulikaa siku tatu tukimtazama. Mwalimu wa fizikia mwenyewe alikuja kutufukuza, akabaki.

Mimi njo nilimwendea wa kwanza. Nilichungulia ndani, nikaona vioo na mishale mbele ya kiti cha rubani.

"Papa," nikamwambia, "saa zote hizi za nini? Na bado munachelewaka."

Alicheka mpaka akaweka ufunguo chini. Kisha akaniambia panda, usiguse kitu. Nikapanda.

Akanieleza. Helikopta hii ina motere mbili, injini mbili, na kila motere inaweza kuumia kwa njia tatu. Inaweza kuzunguka mbio kupita kiasi. Inaweza kupata moto kupita kiasi. Ao inaweza kusokota ule mti wa chuma unaopeleka nguvu kwenye panga la juu, ikausokota kuliko unavyovumilia. Zamani kila hatari ilikuwa na saa yake, na kila motere saa zake tatu, kwa hiyo rubani alitazama sita pamoja huku anatazama nje asigonge mti. Siku hizi kuna kioo kimoja. Ndani yake mishale miwili, mmoja wa kila motere. Kompyuta inalinganisha zile hatari tatu, inachagua iliyo karibu zaidi kufika mwisho, na hiyo tu ndiyo inaonyeshwa.

"Kwa hiyo inasema ile shida kubwa tu," nikasema. "Zingine inanyamazia."

"Inasema ile itakayokuua kwanza, binti."

Akasema tena kwamba hatari ya kwanza si ileile kila mahali. Walikale iko chini, hewa nzito, motere zinapumua vizuri. Hapa mti wa chuma ndio unaochoka kwanza. "Kwenu Masisi, juu, hewa ni nyembamba. Huko moto ndio unafika kwanza. Mzigo uleule, mashine ileile, lakini mshale unapanda haraka."

Nikamuuliza swali ambalo kila mtu angeuliza. Motere moja ikifa juu?

Alifuta mikono kwanza. Akasema kuna kizuizi ndani ya kompyuta kinachopima mafuta, kinakataza motere kupita mpaka wake hata rubani akivuta vipi. Lakini moja ikifa, kizuizi kinailegezea ile iliyobaki. Inaruhusiwa kubeba nguvu isiyo ya kawaida kwa sekunde thelathini, kutoka kwenye hatari. Kisha nguvu ya chini kidogo kwa dakika mbili. Kisha lazima irudi kwenye kile inachoweza kubeba kwa muda mrefu.

"Na ile ilibeba peke yake, kisha inakuwa je?"

"Ikitua, inafunguliwa. Inaangaliwa ndani. Hairuki tena hivi hivi kama hakuna kilichotokea."

Ndiyo maana, alisema, watu na mizigo vinapimwa. Si ubahili. Rubani anataka kujua kama motere moja ingeweza kuwarudisha wote chini salama. Kabla ya kwenda anainua mashine kimo cha mtu, anaisimamisha hewani, anatazama mshale. Kama orodha inasema kilo hizi na mshale unasema nyingine, anaamini mshale. "Chombo hiki hakisomi orodha," akasema. "Kinabeba kilichopo."

Nilitengeneza mchezo kutokana na hayo. Nilisimama mbele ya darasa, mikono yangu miwili ndiyo mishale, na kila mwalimu aliyeingia nilimpima: wa hesabu alifika kwenye mstari mwekundu kabla hajafunga mlango. Niliporudi Masisi, baada ya Baba kufa, nilirudi na mchezo huo. Dada aliupenda kuliko wote. Mama akinuna jikoni, dada aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mushale iko wapi?" na mimi nilipandisha mkono polepole.

Sasa, ugonjwa.

Dada alianza kuumwa tumbo siku ya kwanza ya juma, upande wa kulia. Alibeba maziwa hivyo hivyo siku mbili. Siku ya tatu aliweka bidoni chini njiani na hakuweza kuiinua. Muganga wa kituo cha afya alimgusa tumbo, akaachilia mkono ghafla, dada akalia. Akasema ni apendisiti, kidole tumbo, inataka kupasuka kama haijapasuka, na barabara ya Goma imefungwa na vita. Akapiga simu. Kesho yake, akasema, helikopta itatua kwenye uwanja wa mpira, inachukua wagonjwa wanne na kila mmoja mtu wake wa kumlinda.

Alitupima jioni hiyo kwenye mizani ya kituo. Mama alipimwa na mdogo wetu mgongoni, sababu mtoto bado ananyonya: kilo sabini na mbili, wote wawili. Mzigo, mfuko mmoja mdogo kila mtu, si zaidi.

Mtu wa mbali hawezi kuelewa hilo neno mfuko mmoja mdogo lilifika namna gani kwetu. Hospitali ya Goma haipikii mtu. Anayelinda mgonjwa njo anapika, nyuma ya nyumba za wagonjwa, kwenye makala yake, makaa ya miti, na sufuria yake. Ukifika bila chakula unakaa ukitazama midomo ya wengine. Na Mama angelala wapi? Kwa binamu wa Baba, ambaye tangu kilio cha Baba hajatuona. Umfikie mikono mitupu, unatoka Masisi, nyumba ya ng'ombe, bila hata fromaji moja? Mama alikaa kitandani anaangalia ule mfuko mdogo kama mtu aliyetukanwa.

Asubuhi, mdogo wetu akaamka na homa na kuhara. Bibi, anayekaa jirani yetu, akasema mtoto huyu haendi popote, atakunywa maziwa ya ng'ombe kwangu. Mama akaanza kulia. Na mimi, kinywa kisicho na mlango, nikasema, "Sasa mugongo wa Mama iko wazi. Tuwekeke mutoto mwengine."

Nilisema kwa kuchekesha tu. Kisha nikaona Mama ameacha kulia.

Tulimtengeneza pamoja. Maharagi gunia dogo, ndiyo tumbo. Fromaji mbili za mviringo, matako. Sufuria ndogo imejaa chumvi, sabuni na unga, kichwa, nikakivalisha kofia ya sufi ya mdogo wetu. Makala kidogo kwenye mifuko ya plastiki, miguu. Tukamfunga kwenye mgongo wa Mama, kikwembe juu, na Mama alisimama wima kabisa, maana amebeba makala kupanda kilima tangu ujana. Nilizunguka nyuma yake, nikamfunika mtoto uso asiingiwe na baridi.

"Anafanana na babaake," nikasema. "Mutu wa maharagi vile vile."

Dada alikuwa amelala kwenye tipoyi, machela ya miti, midomo mikavu, anasubiri wabebaji. Alijaribu kujizuia. Tumbo likatikisika, akashika ubavu, machozi yakatoka.

"Usinichekeshe," akasema. "Inauma. Wee mubaya, usinichekeshe."

Ndilo neno la mwisho aliloniambia.

Uwanjani kulikuwa na watu kama siku ya Noeli. Prefe, darasa langu zima, kwaya ya Mama, wakimbizi wa kambi, watoto juu ya miti ya magoli. Kamba ilitandazwa na muganga, akatuambia tusiivuke. Helikopta ikashuka ikapeperusha vumbi na kofia za watu, na panga likaendelea kuzunguka, halikuzimwa, sababu mawingu yalikuwa yanateremka mlimani. Ndani ya upepo huo akatoka mwanamke mwenye orodha, Mkongomani, fulana ya rangi ya chungwa, akaanza kuingiza watu. Aligusa kofia ya mtoto wetu kwa vidole viwili, akapiga kelele sikioni mwa Mama, nami nilimsikia:

"Analala vizuri huyu. Mama, shika kichwa yake."

Mama akashika kichwa cha sufuria. Darasani kwangu mtu mmoja tu alijua, rafiki yangu, na sisi wawili tulikuwa tunauma midomo kuzuia kicheko.

Mlango ukafungwa. Helikopta ikainuka kimo cha mtu, ikasimama hewani.

Ilisimama. Ikaendelea kusimama. Nilijua kinachofanyika ndani, nilikijua kama sala: rubani anatazama mshale. Tuko juu, hewa nyembamba, moto unafika kwanza. Nikaona mkia unatikisika kidogo. Kicheko kikaniishia mdomoni. Kisha helikopta ikarudi chini polepole, ikakaa kwenye majani palepale ilipotoka.

Watu wakapiga makofi, wakifikiri ni namna ya kuaga.

Mwanamke wa orodha akashuka. Alikuja mpaka kwenye kamba, mbele yetu, sisi wenye wagonjwa. Hakuwa na hasira. Alisema kwa sauti ya kushinda upepo:

"Wapenzi, tuko wazito kuliko karatasi. Rubani haendi hivi. Kama kuna muntu alificha kitu, ao anajua muntu wake alificha, aseme sasa. Tunatoa, tunaenda. Hakuna makosa. Lakini aseme sasa, mawingu inakuja."

Alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Alinitazama mimi, kisha jirani yangu, kisha kijana mmoja ambaye babu yake aliingia na kuku hai ndani ya koti. Kijana aliangalia viatu vyake. Mwingine, ambaye mke wake alijifunga viazi kiunoni, aliangalia mlima. Kila mmoja alikuwa amezidisha kidogo tu, cha heshima, cha kutofika mikono mitupu. Pale ndani vidogo hivyo vilikuwa vimekutana.

Na mimi nilikuwa na jibu lote. Nilijua hata mshale ulikuwa unasema nini. Neno moja, "maharagi", na Mama angefungua kikwembe, tungeacha gunia kwenye majani, angekwenda. Lakini niliona itakavyokuwa: Mama, mama wa kwaya, asiyesema uongo hata kwa mtoza kodi, anafunguliwa mgongo mbele ya kanisa zima na fromaji zinaanguka. Prefe akiniangalia. Darasa likicheka, na safari hii si mimi niliyewachekesha. Nikafikiri, wacha mwenye kuku aseme kwanza. Kuku ni kosa kubwa kuliko maharagi. Nikangojea mwenye kuku.

Mwanamke akangojea pia. Akatazama mawingu. Akarudi, akaongea na rubani kwenye dirisha, wakaangalia orodha, na nikaona kidole chake kinapita kwenye majina na kusimama. Nilielewa hesabu yake kabla hajainua kichwa. Wagonjwa hawashuki. Kati ya walinzi, mama mwenye mtoto ni watu wawili kwa mara moja, na mtoto mdogo hatakiwi kuhatarishwa. Alikuwa anatutendea wema.

Mama alishushwa akiwa ameshikwa mkono kwa adabu, na mtu wa pili akimkinga mtoto na upepo. Alitembea kuja kwetu chini ya lile panga ameinama, mkono mmoja nyuma, bado anashika kichwa cha sufuria. Bado anashika.

Ndipo niliposema. Nilisema, nikapiga kelele, "Ni maharagi, ni maharagi tu," nikavuka kamba, muganga akanikamata kiunoni. Motere zilikuwa zimeshapanda sauti, hakuna aliyenisikia. Mlango ukafungwa. Kwenye dirisha niliona mguu wa tipoyi, si uso. Helikopta ikainuka kimo cha mtu, ikasimama hewani kidogo tu, ikaenda. Ilikwenda vizuri. Mshale, najua, ulikuwa mahali pake.

Nyumbani nilimfungua Mama mgongo. Nilichukua gunia, sufuria, fromaji, makala, nikavipeleka kwa mtengenezaji wa fromaji kwenye mizani yake ya ndoana. Kilo ishirini na nane. Mdogo wetu ana tisa. Nilirudi nikavipanga ukutani.

Dada alipasuliwa siku hiyohiyo jioni. Waliopigiwa simu ni sisi, na aliyetupigia ni mwanamke wa kitanda cha jirani, anayelinda mume wake, mtu tusiyemfahamu. Siku ya kwanza alisema amempa uji, amekunywa vijiko vitatu. Siku ya pili alisema anauliza kila mara kama Mama amefika, na yeye amemwambia yuko njiani. Mama akamwambia kwenye simu, "Aksanti, dada. Endelea kumuambia vile." Siku ya tatu mwanamke yule alipiga simu, akaanza kwa kutaja jina la Mungu, na Mama akanipa simu mimi nishike.

Yeye njo alimfumba macho. Huyo mwanamke wa jirani.

Barabara bado imefungwa, kwa hiyo alizikwa Goma, na binamu wa Baba na watu sita. Sisi tulifanya kilio bila mwili. Watu walikuja kutoka vilima vyote, na watu wa kilio wanakula. Bibi akauliza kuna nini ndani ya nyumba. Niliinuka, nikafungua gunia, nikamwaga maharagi kwenye sufuria kubwa ya kanisa. Nilichambua mawe mwenyewe. Yalichukua saa nyingi kuiva, na wakati watu wanakula walisema maharagi ya nyumba hii ni matamu.

Babu wa kuku alipona, alitutumia habari. Kuku pia alifika Goma salama.

Kwa wiki tatu sikumwambia Mama. Yeye alidhani walimshusha kwa sababu ya nafasi, ao kwa sababu mwanamke wa orodha aligundua ule uongo na akamwadhibu kwa upole. Alishaomba msamaha kanisani kwa ule uongo, bila kueleza. Mimi niliacha mchezo wa mishale. Rafiki yangu aliniomba mara moja darasani, nikajaribu kuinua mkono, ukabaki pale chini.

Nilimwambia asubuhi moja kwenye njia ya maziwa. Sasa mimi nabeba bidoni ya dada, baada ya kuona siku kadhaa Mama akishuka na zote mbili, moja kila bega, na mtoto mgongoni. Nilimwambia yote: mekanisie, kioo, mshale, swali la mwanamke kwenye kamba, kwamba aliniangalia mimi, kwamba nilikuwa na jibu, kwamba nilingojea mwenye kuku. Nilisema nikiangalia njia.

Mama alihamisha bidoni bega la pili. Mdogo wetu alikuwa anaongea na ng'ombe za watu.

"Na mie nilikuwa na mudomo," akasema. "Niko ndani, mwanamuke yule ananishika mukono, nikasema moyoni, nikifungua kikwembe hapa, mutoto wangu ataona mama yake anaitwa muongo. Dada yako alikuwa ananiangalia."

"Alisema nini?"

"Alishika ile kofia ya sufi. Njo nikaivula kwa sufuria, nikafunika kichwa na kikwembe, nikamuachia."

Sikuwa nimeikumbuka hiyo kofia. Nilipomfungua mtoto wa maharagi alikuwa kichwa wazi, na mimi sikuona.

Tulipofika kwenye daraja la miti Mama akaweka bidoni chini, akapumua. Amekonda. Aliniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Useme tena ile. Motere moja inakufa. Ile ingine wanaiachilia ngapi?"

"Sekunde makumi tatu. Kisha dakika mbili."

"Kisha?"

"Kisha inarudia nguvu ya kawaida. Na wakitua wanaifungua, wanaangalia ndani."

Alikaza fundo la kikwembe kifuani, mtoto akatulia.

"Wataifungulia wapi," akasema, "na maziwa inaharibika."

Alianza kuinama kwa bidoni yake. Niliiwahi. Nilizibeba zote mbili mpaka mwisho wa daraja, na pale akaninyang'anya yake.